Barua Taka Katika Sanduku la Chama

Somo kwa wanachama wote, na hasa ndugu zetu wakaao Temeke na Kinondoni

Ndugu wanachama, somo la mwezi huu si la mchwa walao mizizi ya mikarafuu, wala si la namna ya kuanika karafuu wakati wa mvua. Ni somo la barua, yaani zile barua za kompyuta na simu tuziitazo barua pepe. Huenda mtu akasema, "Mambo hayo ni ya vijana wa mjini, sisi wakulima yatuhusu nini?" Tunamwomba asome mpaka mwisho, maana jambo hili limekwisha kututia hasara ya fedha, na lilikuwa karibu kututia hasara iliyo kubwa kuliko fedha.

Khabari yenyewe ni hii. Mwanachama wetu mmoja, mzee akaaye Mbagala, ambaye mikarafuu yake iko Pemba chini ya uangalizi wa mwanawe, alitupigia simu siku moja baada ya sala ya adhuhuri. Akauliza kwa upole, "Mwanangu katibu, ule mchango wangu wa majamvi mmeupata?" Tukamjibu, "Mzee wetu, hatujapata kitu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbona leo ni wiki ya tatu tangu nitume, na barua ya kuniambia nitume mliniandikia wenyewe?"

Barua hiyo alikuwa nayo kweli. Ilikuwa na jina letu, na anwani yetu hasa ya ukatibu, pasipo kosa hata la herufi moja. Ilisema kwamba akaunti ya chama benki ina matengenezo, kwa hiyo kila mwanachama atume mchango wake, shilingi 350,000, kwa namba ya simu iliyotajwa chini. Alipotuma, simu yake ilimwonyesha jina la mtu asiyemjua. Akadhani ni karani mpya wa mweka hazina, akathibitisha, na pesa ikaenda.

Wakati huo maneno yalikuwa yamekwisha enea barazani Tandika, ambako wanachama wetu wa Temeke hukutana siku za Ijumaa, kwamba katibu kala pesa za majamvi. Hatukuwalaumu. Mtu akiona barua yenye jina lako, na pesa imekwenda isirudi, atamshuku nani kama si wewe? Basi tulifunga safari, tukavuka kwa boti hadi Dar es Salaam, tukaenda Mbagala tukakaa na mzee mbele ya kompyuta, tukaifungua ile barua mpaka ndani. Tuliyoyaona na tuliyojifunza baadaye ndiyo tunayoyaandika hapa.

BAHASHA ISIYO NA BAWABU

Kila mmoja wetu anajua barua ya posta. Mwandishi huandika anwani yako mbele ya bahasha, na nyuma huandika anwani yake. Lakini je, karani wa posta humwuliza mtu kama anwani ile ya nyuma ni yake kweli? La. Mtu aweza kukaa Manzese akaandika kwamba barua yatoka Muscat, na posta ikaipeleka. Barua pepe ni vivyo hivyo. Kanuni ya kuipeleka iliandikwa mwaka 1982 na mtaalamu wa Marekani, Jon Postel, wakati ambapo watumiaji wa mitandao walikuwa wachache, wengi wao watu wa vyuo na wa serikali, wenye kuaminiana. Kanuni ile haikumtaka mpelekaji athibitishe jina lake. Basi mtu yeyote mwenye ujuzi kidogo aweza kuandika jina la katibu wa chama mahali pa mwandishi, na barua ikapita.

Ndani ya kila barua pepe mna mistari ya njia, ambayo kwa kawaida haionekani mpaka uitake. Kila kituo barua ipitapo huacha alama yake, na alama mpya hukaa juu ya ile ya zamani, kwa hiyo anayetaka kujua barua ilikotoka huanza kusoma chini akapanda juu. Tuliposoma ile ya mzee tuliona kwamba haikutoka kamwe katika sanduku letu. Ilitoka katika mashine ya nchi nyingine tusiyokuwa na shughuli nayo. Tena ile anwani ya kujibu haikuwa ya chama. Kama mzee angebonyeza kujibu ili atuulize, swali lake lingalikwenda kwa mwizi, na mwizi ndiye angalimjibu, "Naam, mzee wangu, tuma tu."

ASILI YA BARUA TAKA

Barua taka ni barua usiyoiomba, iliyopelekwa kwa watu wengi kwa pamoja. Si jambo jipya. Tarehe 3 Mei 1978 bwana mmoja wa Marekani aitwaye Gary Thuerk, wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, aliwapelekea watu wapatao 400 tangazo la biashara kwa mara moja, na wengi wakakasirika. Hiyo huhesabiwa kuwa barua taka ya kwanza. Jina lake la Kiingereza, spam, lilikuwa jina la nyama ya nguruwe ya makopo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937. Wachekeshaji wa Kiingereza, Monty Python, waliifanyia mchezo mwaka 1970, nyama hiyo ikitajwa mara kwa mara hata mazungumzo mengine yasisikike. Sisi Waswahili tumeiita barua taka, na jina letu latosha.

Kwa nini haikomi? Sababu ni stempu. Anayetaka kupeleka barua elfu moja kwa posta hana budi kununua stempu elfu moja, kwa hiyo hufikiri mara mbili. Lakini apelekaye barua pepe milioni hulipa karibu sawa na apelekaye moja. Katika milioni hiyo wakijibu watu kumi tu, amekwisha pata faida. Sisi tunaofuta zile nyingine ndio tunaolipa gharama yake, kwa muda wetu na macho yetu.

Tusidhani kwamba udanganyifu huu ni wa barua pepe peke yake. Nani kati yetu hajapata ujumbe wa simu usemao, "Ile pesa itume kwenye namba hii"? Mwandishi wake hajui kama una mtu wa kumtumia pesa. Anarusha nyavu tu, na katika watu wengi hakosi mmoja aliyekuwa njiani kwenda kumlipa fundi au mwenye nyumba. Barua ya mzee wetu ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa yule mwizi alijua tunachangisha pesa za majamvi.

MILANGO MITATU TULIYOIACHA WAZI

Hapa hatuna budi kusema kweli juu yetu wenyewe. Chama chetu kina kikoa chake, yaani jina lake katika intaneti, linaloishia kwa .or.tz, ambayo ni sehemu ya mashirika yasiyo ya biashara. Ni heshima kuwa na jina lako mwenyewe. Lakini mwenye sanduku katika nyumba ya mtu mkubwa hulindwa na bawabu wa nyumba ile, na mwenye nyumba yake ni lazima awe bawabu mwenyewe. Sisi tulijenga nyumba tukasahau bawabu.

Mlango wa kwanza. Sanduku letu lilikuwa limepangwa kupokea kila barua iliyoandikwa kwa kikoa chetu, hata kwa jina lisilokuwapo. Tulifanya hivyo kwa nia njema, mtu akikosea herufi barua isipotee. Lakini wenye barua taka hubahatisha majina: katibu, ofisi, mauzo, karani, na mamia mengine. Kwetu kila jina lilikuwa sahihi. Asubuhi moja tulihesabu barua 214, na zilizokuwa za kweli ni sita.

Mlango wa pili. Katika ukurasa wetu wa intaneti tulikuwa tumeweka orodha ya wajumbe wa matawi, pamoja na anwani zao za barua pepe, na chini yake tangazo la mchango wa majamvi, kiasi chake na siku ya mwisho. Kuna programu zizungukazo intaneti usiku na mchana zikiokota kila penye alama ya @. Mzee wetu ni mjumbe wa tawi la Temeke. Mwizi hakuhitaji jasusi, maana sisi wenyewe tulimwandikia yote.

Mlango wa tatu. Katika daftari la majina la intaneti hatukuwa tumeandika ni mashine zipi zenye ruhusa ya kupeleka barua kwa jina letu. Kwa hiyo mashine iliyompokelea mzee barua haikuwa na namna ya kujua kwamba ile ni ya uongo.

NAMNA TULIVYOIFUNGA

Kwanza, tuliacha kupokea majina yasiyokuwapo. Sasa kikoa chetu kina anwani tatu tu: ya katibu, ya mweka hazina, na ya jarida hili. Barua kwa jina jingine hukataliwa pale pale mlangoni, na aliyekosea hupata khabari ajaribu tena.

Pili, tuliondoa orodha ile katika ukurasa. Anayetaka kutuandikia hujaza karatasi ya maswali iliyopo hapo hapo, na anwani haionekani.

Tatu, tuliandika katika daftari la majina mambo matatu yajulikanayo kwa herufi SPF, DKIM na DMARC. Tuyaeleze kwa mfano wa shamba. SPF ni orodha ya wachukuzi wako: gari lisilo katika orodha hii halikubeba gunia langu. DKIM ni lakiri juu ya gunia: ikiwa imevunjwa, basi mtu amelifungua njiani. DMARC ni agizo kwa mpokeaji: gunia likija kwa jina langu bila gari langu wala lakiri yangu, ulifanye nini. Agizo hilo lina daraja tatu, nazo ni kutazama tu, kuweka kando, na kukataa. Tulianza na kutazama tu kwa wiki sita, ili tusije tukakataa barua zetu wenyewe kwa makosa. Tukagundua kweli kwamba programu ya kupeleka jarida haikuwamo katika orodha. Tukaiingiza, kisha tukapanda hadi kukataa. Kampuni ihifadhiyo kikoa chako huweza kukuandikia mambo haya, nawe unalotakiwa ni kujua kuyaomba.

Faida nyingine ikatokea. Wanachama wengi walikuwa wakilalamika kwamba hawapati matangazo ya mikutano. Kumbe yalikuwa yakifika, lakini yakitupwa katika fungu la taka. Tangu Februari 2024 kampuni za Google na Yahoo zimekaza masharti juu ya barua zisizo na uthibitisho wa namna hii. Basi sisi tulikuwa tukihesabiwa pamoja na wezi, kwa sababu hatukuwa na barua ya utambulisho.

Nne, tulifundisha kichujio. Kichujio ni kama mama aketiye jamvini akichambua karafuu na makonyo: huyu kwa kuzoea hujua. Mwaka 2002 mtaalamu Paul Graham alieleza namna ya kuifundisha kompyuta kuchambua kwa kuhesabu maneno yaliyozoea kuonekana katika barua taka na yale ya barua njema, na njia hiyo ikaenea sana. Lakini ni lazima uifundishe. Ukiona taka sandukuni usiifute tu, bonyeza palipoandikwa kuwa ni taka. Na kila siku tazama fungu la taka, ukiona barua njema irudishe. Sisi tulichelewa kumjibu mwanafunzi wa chuo aliyetaka kuja kusoma maradhi ya mikarafuu, kwa kuwa barua yake ilikaa siku kumi na moja katika taka. Makonyo yana faida, maana huko Wawi, Pemba, hutolewa mafuta. Barua taka haina hata hiyo, lakini karafuu njema ikitupwa pamoja nayo ni hasara yako.

Tano, tulibadili maneno ya siri, na tukaweka ufunguo wa pili, yaani namba inayotolewa kwa simu kila tunapoingia. Mwizi akipata neno la siri la sanduku lako hahitaji tena kughushi jina. Ataandika kutoka ndani, na lakiri yako itakuwa juu ya uongo wake.

Sita, tuliandika katika kalenda ya ofisi siku ya kulipia kikoa kila mwaka. Kikoa kisicholipiwa huweza kuchukuliwa na mtu mwingine, naye akaanza kupokea barua zako zote. Lakini pia zipo barua taka zinazojifanya ni madai ya ada ya kikoa. Sisi hatulipi kwa kufuata barua. Huenda wenyewe kwa msajili wetu tukauliza.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 20, yakataza kupeleka ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa, na yakataza pia kughushi maelezo ya mpelekaji wa ujumbe wa namna hiyo. Ipo kadhalika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo yatukumbusha kwamba majina, simu na anwani za wanachama ni amana. Ile orodha tuliyoiweka ukurasani haikuwa mali yetu ya kutangaza.

Anayepata ujumbe wa utapeli kwa simu aipeleke namba ya tapeli kwa 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imeitoa kwa kazi hiyo. Aliyetapeliwa pesa ampigie mara moja mwenye mtandao wa simu aliotumia, kwa kuwa dakika za mwanzo ndizo zenye matumaini, kisha aende polisi apate RB. Mzee wetu alikwenda kituoni na RB anayo. Pesa haikurudi, kwa sababu wiki tatu zilikuwa zimepita na ilikuwa imekwisha tolewa.

MAMBO YA KUSHIKA

Tunaomba kila mwanachama ayakate maneno haya na kuyabandika ukutani.

1. Chama hakibadili akaunti kwa barua pepe. Mabadiliko hutangazwa mkutanoni na katika jarida hili, na huwa na sahihi mbili.

2. Barua yoyote inayotaja pesa, piga simu kwanza. Piga kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usipige ile iliyoandikwa ndani ya barua.

3. Tazama anwani yote mpaka mwisho. Baada ya sisi kufunga milango, mwizi alirudi kwa jina lifananalo na letu, linaloishia .com badala ya .or.tz. Lakiri yetu haiwezi kuzuia jina lililo jingine. Jicho lako ndilo bawabu hapo.

4. Simu ikikuonyesha jina la mpokeaji usilolijua, simama hapo. Usithibitishe.

5. Usijibu barua taka, hata kwa matusi, wala usibonyeze maneno yasemayo "jiondoe hapa" katika barua ya mtu usiyemjua. Kwa kufanya hivyo unamwambia kwamba sanduku hili lina mtu.

6. Ukitumia kompyuta ya duka, iwe Rangi Tatu, Tandale au kwingineko, toka katika sanduku lako kabla hujainuka, na usikubali kompyuta ikumbuke neno lako la siri.

7. Akikuandikia mtu asemaye ni mnunuzi wa ng'ambo, atakaye kununua karafuu yako kwa bei isiyosikika, lakini kwanza atumiwe ada ya usajili, kumbuka kwamba karafuu ya Unguja na Pemba kwa miaka mingi imenunuliwa na ZSTC, na njia yake yajulikana. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Tumalizie kwa khabari ya mzee wetu. Ijumaa iliyofuata tulikwenda naye barazani Tandika. Tulionyesha ile mistari ya njia mbele ya wote, tukaeleza kama tulivyoeleza hapa, na tukakiri milango mitatu. Walionong'ona walinyamaza, na mmoja wao akatuomba radhi, nasi tukamwambia hapana haja, kwani kuuliza pesa ilikokwenda ni haki ya mwanachama. Kisha kamati ilikata shauri kwamba mchango wa mzee uhesabiwe umelipwa, na pengo lake lijazwe na mfuko wa ofisi, kwa kuwa mlango aliopitia mwizi ulikuwa wa chama. Majamvi yake atayapata pamoja na wenzake kabla ya msimu, inshallah.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Sisi tumekwisha jenga wetu, nanyi zibeni ufa mapema. Mwenye swali atuandikie, au bora zaidi, atupigie simu.

Wabillahi taufiki.

Katibu wa Chama